Namshukuru Mungu kwa Feni

Bwana asifiwe! Nimesema asifiwe, na nyie mliokaa huko nyuma chini ya feni mbona mnaitikia kivivu hivyo? Mnajua mmekaa chini ya baraka gani? Ndugu zangu, wengine husimama hapa kushukuru kwa kupona maradhi, kwa mtoto kufaulu, kwa safari iliyokwenda salama. Mimi Fundi Yohana, seremala wa Mkunazini, leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa feni. Msicheke. Au chekeni tu, maana mimi mwenyewe nimeshacheka, na kabla ya kucheka nililia.

Wengi mnanifahamu. Nachonga milango, na natengeneza makasha, yale masanduku yetu ya kupambwa kwa shaba ambayo wageni wanayapenda. Karakana iko chini, na juu ya karakana ndipo tunapoishi mimi na mke wangu, Mama Furaha. Yupo hapa leo, safu ile ya kina mama, amevaa kijani na anajifanya hanisikii. Watoto wetu wameshakuwa na nyumba zao bara, tumebaki wawili. Mama Furaha ni mshonaji. Hizo kanzu za kwaya mnazoziona zimetoka kwenye cherehani yake ya kupiga kwa mguu, na sauti ya cherehani ile mtaa mzima unaijua.

Jioni zetu zilikuwa hivi. Nafunga karakana, napanda juu, nafungua redio yetu ndogo. Yeye anashona, mimi naimba besi nikijiandaa kwa Jumapili, madirisha yako wazi, feni inazunguka juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa tajiri, ndugu zangu! Tena tajiri mkubwa! Sikujua tu.

Basi siku moja mwenye hoteli aliniita nimtengenezee kabati la kuwekea mashine ya santuri. Vijana, santuri ni zile sahani nyeusi za muziki wa zamani, zinazunguka na sindano inazisoma. Nikakuta amekuja bwana mmoja kuifunga mashine hiyo. Jina lake nalihifadhi, sote tulimwita Profesa. Ana duka lake ghorofani kule Shangani, anauza mashine za santuri, spika, nyaya, na amplifaya za taa, zile mashine za kukuza sauti. Akanikalisha kitini, akaweka santuri ya kwaya ya zamani, akasema nifumbe macho. Ndugu zangu, niliwasikia waimbaji wakivuta pumzi! Kabla ya kila mstari, pumzi! Nywele zilinisimama. Sitadanganya mbele ya madhabahu, ilikuwa sauti tamu, na mpaka leo nasema ilikuwa tamu.

Ubaya haukuwa kwenye utamu. Ubaya ulikuwa kwenye maneno aliyoniambia Profesa nilipofumbua macho. Aliniambia, "Na hapo bado hujasikia kitu, Fundi."

Bado hujasikia kitu! Maneno hayo yaliniingia, yakatandika mkeka, yakakaa. Nilipata mashine yangu ya kwanza kwa kumchongea Profesa milango. Nikafurahi wiki moja. Akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa: sindano ndiyo inayoharibu. Nikabadili sindano. Akasema sasa ni amplifaya. Nikabadili amplifaya, nikaleta ya taa, inayowaka na kutoa joto kama jiko. Akasema sasa zimebaki nyaya. Nyaya! Akaniletea waya mnene kama mkono wa mtoto, una mshale ubavuni, eti muziki lazima upite upande wa mshale. Na waya huo unapaswa kuzoezwa, uachwe ukipitisha muziki siku nyingi kabla ya mtu kuusikiliza, kama ndama anayefundishwa kulima. Mimi mtu mzima, mwenye wajukuu, nilikaa nikizoeza waya.

Na waya wa umeme je? Sikilizeni hili. Umeme wetu unatoka bara, unapita chini ya bahari, unafika Unguja, unapanda nguzo, unashuka nguzo, unaingia Mji Mkongwe kwenye zile nyaya za kuungaunga zilizoning'inia vichochoroni, unapita kwenye ukuta wangu ambao panya wamekula nusu yake. Halafu hatua ya mwisho kabisa, kutoka ukutani mpaka kwenye mashine, ndipo unapopita kwenye waya wa fedha, ati usafishwe! Na mimi nilitikisa kichwa, nikasema, kweli, umesafika.

Tulikuwa na kikundi chetu kwenye simu, wasikilizaji wa Unguja na wa nje. Mle ndani kulikuwa na lugha yake. Sauti ina hewa. Sauti imebana. Nyuma ya muziki kuna giza zuri, maana yake kimya kabisa. Na neno kubwa kuliko yote lilikuwa "pazia limeondoka". Maana yake hakuna tena kinachokuzuia kuusikia muziki wenyewe. Ukiandika hilo, umefika! Wenzako wanakupongeza kama umetoka Hija au Yerusalemu.

Sasa ili nyuma ya muziki kuwe na giza, nyumbani pasiwe na kelele. Nikafunga madirisha, kwa sababu ya pikipiki na wauza kahawa. Kisha nikazima feni, kwa sababu feni inavuma. Ndugu zangu, joto la kaskazi mnalijua! Kwenye chumba kilichofungwa, na amplifaya ya taa inawaka! Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kiti, na nilikaa nimefumba macho nikisema, "Hewa! Sikia hewa!" Hewa ipi, na mimi nakaribia kuzimia?

Nikaacha kwaya. Mwalimu wa kwaya yupo pale, na anitazame usoni. Nilimwambia sauti ya tatu imebana na kanisa lina mwangwi mbaya. Samahani sana, Mwalimu. Nilikuwa sisikii tena watu, nasikia kasoro tu.

Na ndipo yakaja yale ya miguu. Profesa alipanda ngazi zetu amekumbatia kisanduku cha mahameli. Ndani mna vijiguu vinne vyeusi vinavyong'aa, kila kimoja kina kisahani cha shaba chini. Ni vya kuwekwa chini ya mashine ya santuri. Akasema vimetoka ng'ambo, vimetengenezwa kwa mti unaoota kwenye milima ya theluji, mti unaokatwa mwezi ukiwa mchanga tu. Vinameza mtetemo wote. Mnataka kujua bei? Nilikuwa na mlango karakanani, mlango mzima na fremu yake, nimeuchonga mayungiyungi kuanzia juu mpaka chini, umekula miezi yangu. Mlango ule ndio ulikuwa bei ya vijiguu vinne vinavyoenea kwenye kiganja. Wanaume waliubeba wakipokezana, na mimi nikabaki nimeshika kisanduku.

Nikaviweka chini ya mashine. Nikasikiliza. Nikaandika kwenye kikundi: Pazia limeondoka! Nikamwita Mama Furaha aje asikie. Alikaa, alisikiliza kwa adabu, akasema, "Mimi naona sawa na jana." Nami nikamjibu kwa maneno ya Profesa, nikamwambia sikio lake bado halijaamka. Mke wangu huyu, aliyenifundisha nusu ya nyimbo ninazozijua! Akarudi jikoni.

Iliyobaki ilikuwa cherehani. Sakafu yetu ni ya boriti, akipiga cherehani mbao zinatetemeka na sindano ya santuri inaruka. Nikamwomba ashone mchana tu. Mchana ana soko, ana mapishi, ana wateja wa kupima. Akajaribu. Kisha akapata kazi ya mashuka ya hoteli, kazi kubwa, inataka jioni zote. Nikamwambia haiwezekani, siwezi kusikiliza. Alisimamisha mguu, akanikazia macho.

"Baba Furaha," alisema, "umeniambia ninyamaze nnapokaanga. Umeniambia nitembee kwa vidole. Sasa waniambia nisifanye kazi. Nimebakisha kuzuia pumzi tu. Mi nakwenda kwa Danieli."

Danieli ni kaka yake, anakaa Mwanakwerekwe. Akachukua nguo zake, akasema cherehani ataifuata. Na mimi, ndugu zangu, mnajua nilifanya nini? Nilifunga mlango nyuma yake, nikaweka santuri, na nikawaandikia wenzangu kwamba leo giza ni zuri kuliko siku zote. Naona mama mmoja anatikisa kichwa. Tikisa, mama, una haki.

Jumamosi asubuhi nikasikia rikwama chini, kile kigari cha kusukuma cha mahamali. Mama Furaha amekuja na Danieli kuchukua cherehani. Alipanda, hakukaa. Mimi nilikuwa nimeweka santuri, nikajifanya nasikiliza, kumbe macho yako kwenye cherehani. Maana mtu akichukua nguo, atarudi. Mshonaji akichukua cherehani, amehama!  Wakainyanyua na miguu yake ya chuma. Danieli akarudi nyuma hatua, kiuno chake kikagonga meza yangu.

Kijiguu kimoja kikachomoka. Mashine ikainama. Nikapiga ukelele, "Yesu wangu!", nikairukia, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili. Sikupiga ukelele kama huo mke wangu alipoondoka, na yeye alilijua hilo, nililiona usoni mwake.

Kijiguu kiliviringika mpaka kwenye viatu vyake. Kile kisahani cha shaba kilikuwa kimebanduka. Akakiokota, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, na pale chini, palipokuwa pamefunikwa na shaba, nikaona msalaba! Msalaba mdogo uliokatwa kwenye mbao!

"Muujiza!" nikapaza sauti. "Mama Furaha, muujiza! Mti wa milima ya theluji, na ndani una msalaba!" Nilitaka kupiga magoti, ila siwezi kuiachia mashine. Nimeinama hivi, nimekumbatia mashine, machozi yananitoka, natoa sifa. Danieli ameshika cherehani upande mmoja, mdomo wazi.

Mama Furaha akatoa mkasi mfukoni. Akakwangua ile rangi nyeusi. Chini yake ikatoka njano, njano kali ya mbao ya mfenesi wetu wa hapa.

"Muujiza gani?" akasema. "Huu mguu wa kasha. Huu nimeupiga msasa mimi, nimekaa pale dirishani, vidole vikanichubuka."

Ndugu zangu, niwaambie jambo ambalo sijawahi kulitangaza. Tangu nianze ufundi, makasha yangu nayaombea. Na kila mguu wa kasha ninaoukereza naukata msalaba mdogo kwa ncha ya patasi, upande wa chini, usioonekana na mtu. Ni sala yangu, haimhusu mnunuzi. Mwaka uliopita duka moja la kuuzia wageni liliagiza miguu mitupu, gunia zima, bila makasha yake. Niliona ajabu, lakini nikaikereza, Mama Furaha akaipiga msasa, wakatulipa pesa ya chai na maandazi. Miguu ile ikasafiri. Huko ilikofika ikapakwa rangi, ikavishwa shaba, ikalazwa kwenye mahameli, ikapewa mlima na theluji, ikarudi Unguja. Na nani aliyeinunua? Aliyeikereza! Kwa mlango!

Nami nilikuwa nimeisikia! Ndiyo yaliyoniumiza. Niliapa kwamba nimeisikia ikimeza mtetemo.

Mama Furaha akakiweka kijiguu mezani. Akafungua droo ya cherehani yake, akatoa kigurudumu cha uzi, uzi mwekundu, akakisukuma chini ya mashine pale palipokuwa na mguu. Mashine ikakaa sawa, santuri ilikuwa bado inazunguka. "Haya, iachie," akasema. "Sasa sikiliza."

Nikasikiliza. Nilisikiliza kwa sikio lote Mungu alilonipa. Nilitafuta tofauti kama mtu anayetafuta pete mchangani. Waimbaji walivuta pumzi vilevile, wakaimba vilevile! Kigurudumu cha uzi, ndugu zangu!

"Vipi," akaniuliza, "pazia limerudi?"

Danieli alicheka mpaka akaitua cherehani chini. Mama Furaha akacheka, akajishika mbavu, akakaa sakafuni. Na mimi nikacheka huku nalia, nikamwambia, "Basi mke wangu, yameisha, irudishe cherehani mahali pake."

Akafuta macho. Akasimama. "Nimecheka, Baba Furaha," akasema. "Sikusema nimerudi." Wakaibeba, wakashuka nayo, nikaisikia rikwama ikienda zake.

Nilichukua kijiguu, nikaenda mbio mpaka Shangani. Nilikwenda kwa hasira, nakiri, nilitaka kumtolea Profesa maneno makali. Nikamwonyesha msalaba, nikamwonyesha mfenesi. Alikigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye msalaba. Kisha akasema kwa upole, "Lakini Fundi, mguu huu umesafiri. Umekwenda kwenye baridi, umerudi. Mbao ikishapanda ndege haiwi ile tena."

Na mimi, niombeeni, niliyumba! Nilifikiri, huenda! Huenda baridi imeukausha! Adui hakati tamaa upesi. Lakini nilipomtazama Profesa niliona jasho likimdondoka kidevuni. Madirisha yake yamefungwa. Feni yake imezimwa. Yuko peke yake na spika zilizomzidi kimo. Nikamwuliza, "Profesa, huwa unasikiliza na nani?" Akafuta kidevu kwa kiganja, akazitazama spika zake. Hasira ikaniisha pale pale. Nilikuwa nimekuja kumkamata mwizi, nikamkuta mgonjwa mwenzangu. Nikamfungulia dirisha moja, nikamuaga.

Nikarudi nyumbani. Madirisha yangu yamefungwa. Cherehani haipo, sakafu haitikisiki, jikoni hakuna anayekaanga. Nikaweka santuri. Na lile giza tulilolisifia, kile kimya kamili nilichokitafuta kwa milango yangu, kilikuwepo chote! Hakukuwa na sauti hata moja ya mtu nyumbani mwangu. Ndugu zangu, sikumaliza wimbo. Nilipiga magoti kwenye zile mbao, nikasema, "Bwana, nirudishie kelele." Sikuwa na sala ndefu zaidi ya hiyo. Nikainuka, nikafungua madirisha yote, nikabonyeza swichi ya feni. Ilizunguka, ikamwaga vumbi lote usoni kwangu, na hewa ikaingia! Hiyo ndiyo hewa!

Nikaenda Mwanakwerekwe. Kabla sijafika mlangoni kwa Danieli niliisikia cherehani kutoka njiani, katikati ya makelele yote ya sokoni, nikaijua. Nilisimama nje nikiisikiliza mpaka akaniona.

"Unataka nini?" akaniuliza, mguu haujasimama.

"Nimekuja kusikiliza," nikamwambia.

Akaendelea kushona. Kisha akauliza, "Na feni?"

"Inazunguka."

"Madirisha?"

"Yako wazi yote."

"Na mimi nikitaka kuzungumza katikati ya wimbo?"

"Zungumza. Kaanga. Piga cherehani. Mama Furaha, nilikosea, na sikio ambalo halijaamka lilikuwa langu."

"Ntafikiri," akasema, akakata uzi kwa meno.

Alifikiri, ndugu zangu, na hakuharakisha. Nami nililala na feni, nikaamka na feni, nikingoja. Juzi nikasikia rikwama kichochoroni. Cherehani ilitangulia, Danieli anasukuma, na Mama Furaha nyuma yake kwa miguu, amebeba mashuka ya hoteli. Jioni ile ile akashona. Niliweka santuri ya kwaya, sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka tena. Mama Furaha akaimba pale iliporuka. Na mimi nikaingia na besi. Tangu niache kwaya, mara ya kwanza! Sauti ilikuwa inakwaruza, na Haleluya, ilitoka!

Mashine sijaiuza. Nitamuuzia nani, nimpe maradhi yangu? Ipo, na jirani anayetaka kuja kusikiliza aje, atakuta dirisha wazi na chai. Ule waya mnene tumeufunga kwenye roshani, Mama Furaha anaanikia mashuka, na yanakauka kama yanavyokauka kwenye kamba yoyote. Ile miguu mitatu iliyobaki ipo mahali pake. Wa nne ni uzi mwekundu.

Ndugu zangu, huenda wewe huna santuri. Lakini huenda kuna mtu aliyekuambia bado hujaona kitu, bado hujapata kitu, na wewe umeshaanza kuzima feni na kufunga madirisha ili upate hicho anachokisema. Mtegemee Mungu, rudi nyumbani, keti na watu wako wakiwa na kelele zao zote. Aliyenitoa mimi kwenye lile joto atakutoa na wewe!

Mwalimu wa kwaya, kama nafasi ya besi bado ipo, nimekuja na sauti yangu, haijapitia waya wowote. Na wewe Mama Furaha, simama watu wakuone. Haya, amesimama! Mwoneni anavyocheka! Ndugu zangu, uzi ule mwekundu ni mali yake, na amenipa sharti moja: siku nitakayoizima feni, anauchomoa. Basi niombeeni nidumu, na Bwana asifiwe, asifiwe, asifiwe sana!